Mlima wa Kuazima

"Mita moja tu! Ukiuacha uzio ukue mita moja zaidi—"

"Na mlima je?"

"—lile ghorofa linapotea, tumemaliza, kila mtu ana—"

"Nakuuliza, dada, na mlima?"

"Mlima si wako, Mineo! Mliuazima, wewe na baba!"

Hapo Chizuru alisema kweli. Bustani yao ya kaskazini mwa Kyoto ilikuwa changarawe kidogo, mawe saba na uzio wa miti hai, basi. Uzuri wake wote ulikuwa nje. Baba yao, fundi bustani, aliukata ule uzio kila mwezi kwa kufuata uzi ulionyooshwa, ili mtu akiketi barazani auone mlima Hiei umekaa juu ya majani kana kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyeuotesha. Barabara, nyaya, mapaa ya watu, vyote vilizama nyuma ya uzio. Miaka arobaini.

Baba alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa tano ghorofa likaota upande wa kushoto, likaula mlima bega zima.

Mineo aliendelea kukata. Uzi uleule, mkasi uleule. Msibani hakulia, na ghorofa lilipochomoza hakukasirika. Mikono ilikwenda, majani yakaanguka, naye alikuwa kama mtu anayeangalia mikono ya jirani.

"Mama anakaa hapa kutwa," Chizuru alisema, sasa kwa kunong'ona. Alikuwa amekuja na treni ya asubuhi kutoka Osaka, na bado hajavua koti. "Unamtazamisha chupi za watu zikianikwa, mdogo wangu. Zile pale. Za buluu."

"Nimeziona."

"Na husikii aibu?"

Mineo akajichunguza kwa dhati kabisa. "Sisikii kitu."

"Mlima huo ndicho kitu pekee kilichobaki cha baba," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. "Nikiuziba, mama atabaki na nini?"

Wote wawili wakageuka barazani. Mama yao, bibi Toyo, alikuwa ameketi palepale anapoketi siku zote, chai imepoa mbele yake. Tangu mazishi alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana", na siku nyingine hata hayo hayakutoka.

"Mwulize mwenyewe," Chizuru akasema.

"Mwulize wewe, mkubwa ni wewe."

"Fundi ni wewe!"

"Mineo," mama akaita.

Mkasi ukasimama.

"Baba yenu ndiye aliyependa mlima. Mimi niliolewa hapa nina miaka ishirini na mbili, nikawekwa nyuma ya huo uzio." Alisogeza kikombe pembeni, akaegemea mbele. "Ng'oeni wote. Mpaka mizizi. Nataka kuona watu wanaopita barabarani."