Mifumo Miwili kwenye Laptopu ya Baba

Ndugu wasomaji, historia itaandika kwamba likizo iliyopita mimi, katibu wa klabu ya kompyuta ya shule yetu ya bweni, niliwaweka wake wenza wawili, mifumo ya Windows na Linux, ndani ya laptopu moja, wakaishi kwa amani. Historia itakuwa imedanganya. Kufikia saa nane mchana mke mkubwa alikuwa amejifungia ndani, nami niko nje nagonga.

Kioo kilikuwa cha buluu. Kilitaka ufunguo wa tarakimu nyingi ambazo sikuwahi kuziona.

Laptopu ilikuwa ya baba, mpiga picha, na picha zote za harusi ya Jumamosi zilikuwa humo. Kadi za kamera alikwisha kuzifuta ili azitumie tena. Ndio mtindo wake, na haukuwahi kumtia hasara, kwa sababu mimi nilikuwa shuleni.

Kazi ilianza vizuri mno. Nilimega nafasi kwenye diski, nikazima ulinzi fulani wa kuwashia mashine ulionisumbua, nikasimika Linux. Nilikusudia kesho yake baba akiwasha akutane na pengwini, nembo ya Linux, nami nimwambie kwa uso mkavu kwamba mashine imebadili uraia. Kisha nikajaribu kurudi Windows. Windows ikaniuliza mimi ni nani.

Dada aliingia kutoka kaunta ya studio ya baba.

"Bibi harusi kapiga simu. Haji kesho tena, yuko njiani kuchukua picha zake. Mbona jasho, na feni iko juu yako?"

"Joto."

"Umeiua?"

"Imelala."

"Hata maiti imelala, mdogo wangu."

Alipotoka nilipekua mtandao kwa simu yangu. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya baba mtandaoni. Neno la siri nililijua, maana mimi ndiye niliyemwekea. Nikaliandika. Nikajibiwa kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwa simu ya mwenye akaunti.

Nyuma ya pazia la studio, simu ya mwenye akaunti ikalia.

Bwenini wenzangu hucheka nikiwasimulia hadi hapa. Siku ile hakuna aliyecheka. Baba aliingia akinyata, akafunga mlango, simu kaikumbatia kifuani. Nikakiziba kioo kwa mgongo.

"Mwanangu," akanong'ona, "kuna mwizi."

"Mwizi?"

"Anataka kuingia kwenye akaunti yangu. Nashukuru upo. Wewe ndiye mtaalamu, tumfanyeje?"

Nikakohoa kitaalamu. "Nisomee hiyo namba, baba."

"Wameandika nisimpe mtu yeyote."

"Mimi ni mtu yeyote?"

"Leo, ndiyo." Akaisogeza simu mbali nami. "Hapa kuna kitufe, 'Si mimi'. Nikibonyeza, akaunti inafungwa na mwizi kakwisha."

Na ufunguo nao umekwisha, na harusi ya watu. Mlango wa mbele ukagongwa; nikamsikia dada akisema, "Karibu, bibi harusi, keti kidogo." Kidole gumba cha baba kikaanza kushuka.

"Baba, usibonyeze."

"Kwa nini? Unamjua?"

Nikasogea pembeni, mwanga wa buluu ukampiga usoni.

"Namjua," nikasema. "Yuko kidato cha tatu. Ada yake unalipa wewe."