Wapagazi wa Gari la Mholanzi

"Betri za gari hili nitazitunza mimi peke yangu," alisema Mundhir, akichukua kashata ya pili ambayo haikuwa yake. "Sihitaji msaada wa mtu, awe hai awe maiti."

Alikuwa amekaa barazani kwao, mjini Tabora, na shangazi yake Shifaa alikuwa akimimina kahawa. Uani, chini ya banda la bati, lilisimama gari-nyumba la Mholanzi aitwaye Joris: kitanda humohumo, jiko humohumo, choo humohumo, na friji yenye jibini. Joris na mkewe walikuwa wamerudi kwao mpaka masika yaishe. Gari walimwachia Mundhir kwa sharti moja, kwamba betri zisishuke chini ya nusu. Zikishuka zinakufa, na zikifa friji inazima, na jibini, alieleza Joris kwa uchungu kabisa, lilikuwa limetoka mbali.

"Na utazichaji kwa kitu gani?" aliuliza shangazi.

"Kwa jua. Hujaiona ile sola juu ya paa la gari?"

"Gari liko chini ya bati, Mundhir."

Mundhir akatafuna kashata yake taratibu. Shangazi alikuwa na tabia mbaya ya kuona vitu. Joris ndiye aliyetaka gari liwekwe bandani, akiogopa mvua ya mawe, na Mundhir ndiye aliyeitikia kila kitu kwa "hakuna shida".

Mvua zikaanza, na umeme wa mtaa ukawa unakuja kama shemeji aliyenuna: anachungulia, anaondoka. Mundhir alikuwa amevuta waya mrefu kutoka sebuleni hadi kwenye chaja ya gari, lakini waya usio na umeme ni kamba ya kuanikia nguo tu. Mshale wa kipimo ukashuka, ukaikaribia nusu. Akaacha kutoka barazani, maana majirani waliokuja kunywa kahawa walishaanza kumwita Injinia.

Jioni moja, baada ya magharibi, hodi ikapigwa kwenye lango la nyuma. Walikuwa wapagazi, wale wa misafara ya zamani. Uani mwa nyumba ile ndimo walimokuwa wakilala enzi za babu zake Mundhir, kabla ya kushika njia ya Kigwa kuelekea pwani. Walikuwa wamelowa kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na manyoya yake kichwani yamelala kwa maji. Shangazi Shifaa aliwatolea mtungi wa maji ya kunywa na akaomba radhi kwamba vikombe havitoshi.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza kirangozi.

Mundhir hakuzoea kuulizwa swali akalijibu bila utani. Akauonyesha ule waya. "Mzigo ndio huo, wazee wangu. Upelekeni mpaka ufike."

Wakauinua. Kila mmoja akauweka begani, wakajipanga mstari, wakaanza kulizunguka gari kwa mwendo ule wa safari ndefu. Walipomaliza mzunguko wa kwanza, mshale ulipanda kidogo. Kufika alfajiri betri zilikuwa zimejaa. Wapagazi wakaondoka bila kuuweka chini. Waya ulibaki ukining'inia hewani, kimo cha bega, ukiwasubiri.

"Waambie watue," alisema shangazi, akifagia chini ya waya. "Mpagazi hatui mpaka mwenye mzigo aseme. Babu zako hawakusema. Neno lenyewe ni moja tu: tueni. Ukilisema wataenda kulala."

"Kesho, shangazi."

Kesho yake alimtumia Joris ujumbe kwamba betri zimejaa pomoni. Joris akajibu kwa kidole gumba na picha ya theluji. Barazani Mundhir akarudi kwa kishindo, akaeleza mambo ya volti mpaka kahawa zikapoa.

Jioni ikifika, hodi, na msafara ukaanza. Mtaa mzima ulikuwa gizani. Ndani ya gari taa ya friji iliwaka, ikimulika jibini. Watu waliopasua nchi kwa miguu, na vichwani wakabeba utajiri wa nyumba zenye milango ya nakshi, sasa walikuwa wakizungushwa uani kwa sababu ya maziwa yaliyoganda.

Kashindye aliwakuta hapo. Alikuwa mama wa Kinyamwezi wa umri wa shangazi, aliyeleta asali kutoka Sikonge kila akipata usafiri. Aliweka dumu chini, akatazama mstari unavyopita, kisha akamshika mmoja mkono.

"Guku," alisema. Babu. Akamgeukia Mundhir. "Huyu ni Mlekwa, babu wa mama yangu. Nyumbani tunamtambikia na kaburi hatuna. Alianguka mbele ya Kigwa. Yeye mkamwacha, meno ya tembo mkaendelea nayo."

"Shikamoo, bibi."

"Hiyo shikamoo kampe yeye!"

"Bibi Kashindye, mimi ni mtoto wa juzi tu, sijamwacha mtu Kigwa. Halafu hawa hawachoki. Si wameshakufa?"

"Hawachoki? Hebu tazama bega."

Mundhir akatazama. Bega la Mlekwa lilikuwa limechubuka chini ya waya, na kidonda kilikuwa kibichi.

"Ningekuwa na amri ya kuwatua ningeshawatua," alisema Kashindye. "Lakini mwenye mzigo ni wewe. Kwenu mlimbebesha akiwa hai, mkambebesha mpaka akafa, na leo mnambebesha friji. Hata aibu haikupiti karibu? Sema neno, babu yangu akalale."

Mundhir alitazama mshale. Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito, na umeme haukuwa umechungulia tangu asubuhi. "Masika yakiisha, bibi. Joris akirudi tu, mbele yako nalisema."

Kashindye akabeba asali yake. Watu wa nyumba ile hakuwauzia tena.

Joris alirudi na mkewe jua likiwa limeshika adabu yake. Alifungua friji, akanusa, akafumba macho kwa raha. Barazani palijaa. Kashindye naye alikuja, akasimama langoni, mikono kiunoni.

"Kazi nzuri sana," alisema Joris, kwa Kiswahili alichojifunza njiani. "Umefanya peke yako?"

"Peke yangu. Mikono hii miwili."

Hodi ikapigwa. Wapagazi wakaingia, Joris akawapa mkono wote, mmoja mmoja. Alipoona bega la Mlekwa alisikitika kweli. Alikimbilia garini, akaleta plasta ndogo, akaibandika pembeni ya kidonda, maana kidonda kilikuwa kikubwa kuliko plasta. Kisha akamwambia Mundhir kwamba masika yajayo atawaleta na rafiki zake, magari matatu, kama hawa mabwana watakuwepo.

"Sema sasa," alisema Kashindye.

Shangazi Shifaa aliweka birika chini. Baraza zima likamgeukia Mundhir, naye akaona magari matatu yamejipanga uani, na watu wakimwita Injinia bila kucheka.

"Niseme nini?" aliuliza. "Wallahi mimi hilo neno silijui."

Shangazi alifungua kinywa, lakini aliyemtangulia ni Mlekwa. Masika yote hakuwa amesema kitu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayeeleza njia.

"Unalijua," alisema. "Kila usiku unalisema ukiwa usingizini, na dirisha lako liko wazi. Unasema tueni, tueni, mpaka unalia. Sisi tunapita hapo chini, tunakusikia. Lakini aliyelala haamrishi, kwa hiyo hatukutua."

Kisha akauweka waya begani, juu ya plasta, na msafara ukaondoka.