Hodi ya Cleopa

Mwalimu Octavian alifundisha Kiswahili pale Kilosa, na hadithi isiyo na mwisho ilimkera kuliko kelele za darasani. Siku hiyo aliwasimamisha wanafunzi mmoja mmoja wasimulie. Kilele, alisema, ni pale msikilizaji anapobaki roho mkononi. Mwisho ni pale anaporudishiwa roho yake.

Anitha akasimulia habari za kaka yake Cleopa, aliyeingia kuvuka Mkondoa masika yaliyopita, mto umefurika. Alifika katikati, akageuka, akampungia mkono. Hapo Anitha akanyamaza.

"Halafu?" akauliza mwalimu.

Halafu hakuna. Mwili haukuonekana, na mama yao Magdalena, mzaliwa wa Vidunda mwenye kichwa kigumu, alikataa katakata kuweka matanga. Mwalimu hakuyajua hayo. Akamtaka Anitha kesho aje na mwisho.

Jamani, mwisho auokote wapi? Kila jioni, saa aliyozoea kurudi Cleopa, mama aliinua uso kutoka kwenye sufuria na kusema, "Karibu, baba." Mlangoni hapakuwa na mtu. Anitha hakuwahi kusikia hodi yoyote, na hilo ndilo lililomtisha. Sahani ya Cleopa ilipakuliwa, ikapoa, chakula wakamwagiwa kuku, na mama mwenyewe alizidi kukonda. Akiendelea hivyo, Anitha aliwaza, nitawakosa wote wawili.

Jioni ile akachoka. Alimshika mama mikono akasema lile ambalo ukoo mzima ulilikwepa.

"Mama, Cleopa amekufa. Nilimwona akizama."

Mama akamtazama tu. Ndipo nje, karibu kabisa na mlango, sauti ya Cleopa ikapiga hodi. Safari hii Anitha naye aliisikia.

Mama alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Hodi ikaja tena, ya upole, ya mtu aliyechoka kusimama. Machozi yakamtiririka.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Usinisubiri mimi."

Wakasikiliza. Kimya. Mama akaifunika sahani ya Cleopa kifudifudi, akakaa chini, akapiga ukunga uliowatoa majirani majumbani mwao.

Kesho yake Anitha hakwenda shule. Mwalimu Octavian alipata habari, akaja matangani, akaketi mkekani na wanaume wengine. Hakumuuliza Anitha halafu ikawaje.