Tangi Liliponyamaza

Tangi letu pale kiwandani lina mdomo. Hewa inasukumwa kutoka chini, inapita ndani ya dawa ya moto inayobabua ngozi, na viputo vinapasuka juu: gubu, gubu, gubu. Miaka tisa nimeegemeza nondo kwenye ubavu wake, ncha nyingine sikioni, nikalisikiliza. Wenzangu wananiita Daktari, kwa kunicheka.

Asubuhi ile gubu haikuwepo. Kulikuwa na mvumo mwembamba tu, kama chai inayokaribia kuchemka.

Nikajua palepale. Jana yake nilisafisha mabomba kwa spiriti. Sheria ni kuimwaga yote nje, kisha kusuuza kwa maji. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, nikafungua vali, ndoo nzima ikaishia tangini. Nikajiambia tangi kubwa namna hii halitahisi kitu. Penye maji matupu viputo hugongana, vikaungana, vikawa vikubwa na kutoka upesi. Penye spiriti, hata kidogo, havishikani. Vinabaki vidogo kama punje za mtama, vinapanda taratibu, vinajazana, na dawa yote inaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Na kule juu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amepiga magoti kwenye tundu lililo wazi akikwangua ukoko. Kwa kawaida dawa huwa mita mbili chini yake. Kazi hiyo nilimtafutia mimi.

Fomeni, msimamizi wetu, akatazama kipimo, akasema kila kitu kiko sawa. Kipimo kile kiko chini ya tangi na kinapima uzito; uzito haukuwa umebadilika, kilichopanda ni kimo. Akaniambia niongeze hewa kidogo, maana dawa inaonekana imezubaa.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na fomeni. Niliogopa barua ya kufukuzwa. Niliogopa uso wa mama mkwe. Nikashika vali, sikuifungua wala sikuifunga, nikanyamaza, na mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani ukazunguka duara zima.

Redio ya mkononi ikakoroma. "Shemeji, leo mnapika nini humo? Mvuke unanipiga usoni."

"Shuka," nikasema. "Acha kila kitu, shuka sasa hivi. Kuna spiriti tangini. Nimeitia mimi."

Nikafunga hewa kwa mikono miwili. Povu halitii mara moja. Alikuwa katikati ya ngazi lilipotoka tunduni, jeupe, likatambaa juu ya glavu za ngozi alizoziacha ukingoni pale alipokuwa amepiga magoti. Tulizitazama zikijikunja.

Alifika chini, akanishika mikono, akasema kaka yake ameoa mwanamke na nusu. Kisha akauliza, "Uligundua saa ngapi?"

"Palepale uliposema mvuke."

Fomeni aliitazama nondo niliyokuwa bado nimeibana kwapani, kisha akanitazama mimi.

Jioni shemeji alimsimulia mama yake jinsi nilivyojitia hatiani mbele ya bosi ili kumwokoa. Mama mkwe akalia. Kisha akachukua sahani yangu, akaniongezea chakula kwa mkono wake mwenyewe, nami nikala chote.