Waliopoa wa Msimbu

Jumanne asubuhi, mwaka wa nne wa vita, dresa Isihaka wa zahanati ya Msimbu alimpa Bi Tatu vidonge viwili vya homa, akangoja avimeze kwa maji ya kata, kisha akaandika daftarini neno moja: Amepoa. Aliandika hivyo kwa kila mgonjwa. Watu wa huku ndugu yao akipata nafuu hawatamki kwamba amepona, wasije wakamwitia husuda. Husema amepoa, na aliyeuliza huitikia alhamdulillahi.

Bi Tatu alipoa barabara. Kabla ya adhuhuri jasho lilimkauka, njaa ikamtoka, na maji yaliyobaki katika kata yakawa magumu mkononi mwake. Wanawe walimchukua nyumbani, lakini kila alipokaribia jiko moto ulizimika, na watu hawawezi kula mihogo mibichi kwa ajili ya mama mmoja. Jioni walimrudisha wakamketisha barazani mwa zahanati pamoja na wenzake. Alikuwa wa arobaini na moja. Wauza samaki waliopanda kutoka pwani waliegemeza matenga yao hapo, kwenye miguu ya waliopoa, na changu wa Jumatatu aliliwa Alhamisi bila kunuka.

Vidonge vilitoka kiwanda cha serikali. Tangazo la manunuzi lilibandikwa mlangoni: zahanati za wenyeji zitanunua dawa ya kiwanda cha serikali, na dawa ya mtu binafsi itatazamwa pale tu ya serikali itakapokosekana. Haikukosekana. Ilijaa mpaka chini ya kitanda cha dresa.

Mwinyijuma wa Visiga alikuwa mtu binafsi. Alichemsha magome ya mkwinini yaliyoletwa kwa magunia kutoka Usambara, akayachuja na kuyatia katika chupa za soda. Dawa yake ilikuwa chungu kiasi kwamba mbwa aliyelamba kizibo alihama mtaa. Aliyeinywa alitapika, akalala, akaamka akiomba ugali. Mwinyijuma aliona hiyo inatosha kuwa hoja. Akaishitaki kamati ya manunuzi katika mahakama ya Msimbu, mbele ya Liwali Matano, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa kamati hiyo. Mwamba ngozi huvutia kwake, na Liwali alikuwa na mikono mirefu.

Siku ya kwanza Mwinyijuma alijipalia makaa mwenyewe. Ili kuonyesha kwamba dawa yake haibadiliki kutoka chupa hadi chupa, alileta chupa zote alizokuwa nazo, sufuria, na gunia la mwisho la magome. Karani alivifunga vyote kwa kamba, akaidondoshea kamba lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri, na kuvipanga juu ya meza. Nyuma ya kiti cha Liwali waliketi wawili kati ya waliopoa, mmoja kila upande, kwa sababu ya joto.

"Tatizo lako nini hasa?" aliuliza Liwali.

"Daftari la dresa, Liwali. Limeandika majina arobaini na moja. Wote wamepoa. Hakuna hata mmoja aliyepona."

"Poa na pona vina tofauti gani?"

"Herufi moja."

"Herufi moja haivunji mkataba wa serikali," alisema Liwali, akaahirisha shauri kwa siku kumi ili wazee wa baraza wapate kulitafakari.

Mwinyijuma hakurudi Visiga. Alibaki Msimbu kwa dada yake Zena, pamoja na Mboni, binti yake wa miaka tisa ambaye mama yake alikwisha kufariki. Siku ya nne Mboni alishikwa na homa. Siku ya tano alikuwa akizungumza na mama yake, akimwomba amsuke nywele.

Mwinyijuma alikwenda kwa Liwali.

"Shikamoo, Liwali."

"Marahaba. Sema."

"Mwanangu anaumwa. Naomba chupa moja tu ya dawa yangu. Hata nusu."

Liwali hakukasirika. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Ile si dawa tena, Mwinyijuma. Ni kielelezo. Lakiri ikivunjwa na kesi imevunjika."

Alasiri ile askari wa mahakama alisinzia, na Mwinyijuma akaingia. Alisimama mbele ya meza, akaishika shingoni chupa iliyokuwa mwisho wa safu. Aliwaza kesi. Akishinda, zahanati zote za wenyeji kutoka Msimbu hadi Janga zitanunua dawa yake, na watoto wote watapona, na jina lake litatajwa. Bado siku tano tu; mtoto hatashindwa kuvumilia siku tano. Akaiachia chupa. Aliogopa na alijivuna, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyemlazimisha.

Aliporudi hakumkuta Mboni kitandani.

"Nimempeleka kwa dresa," alisema Zena. "Wewe una kesi, kaka. Mimi nilikuwa na mtoto anaungua."

Mboni alikuwa barazani mwa zahanati, mbele ya Bi Tatu, ameketi wima. Mwinyijuma alimkumbatia mpaka mikono yake ikafa ganzi, na alilia, na machozi yaliyomdondokea mtoto begani yakaganda hapo hapo. Muuza samaki mmoja alimwomba radhi, akamwomba pia asogee kidogo.

Siku ya kumi Liwali alisoma hukumu. Tangazo linataka dawa ya homa. Homa ni joto. Dawa ya serikali imeondoa joto kwa wagonjwa arobaini na wawili bila kukosea hata mmoja, kiwango ambacho mlalamikaji mwenyewe hajakidai. Tena mtoto wa mlalamikaji ametibiwa kwa dawa hiyo hiyo, na huyu hapa, ameletwa mbele ya mahakama. Wazee wa baraza walimgusa Mboni mmoja mmoja, wakaafiki.

"Nakata rufaa!" alisema Mwinyijuma.

"Andika," Liwali alimwambia karani. "Rufaa itasikilizwa vita vikiisha. Vielelezo vyote vibaki hapa."

Karani alipitia meza na kalamu yake, akihakiki chupa, sufuria na gunia. Kisha akamfunga Mboni kamba kiunoni, si kwa kumkaza, akaidondoshea lakiri.

"Naifuta rufaa," alisema Mwinyijuma.

"Imekwisha andikwa."

Walimhamishia mtoto nyuma ya kiti cha Liwali, wakawarudisha wale wawili zahanati. Alikuwa mdogo lakini alipoza kuliko wote wawili. Mwinyijuma alipiga magoti mbele yake.

"Mboni, mwanangu. Homa imekwisha?"

Mtoto alimtazama. Mwinyijuma alingoja mpaka askari akamshika mkono na kumtoa nje. Akashika njia ya Visiga kwa miguu.

Mahakama iliendelea na shauri la mbuzi aliyekula shamba la mihogo. Mwenye mbuzi alikuwa akiapa kwamba mbuzi wake hapendi mihogo, alasiri imekwisha ingia, Mboni alipofungua kinywa.

"Bado, baba," alisema. "Naungua."

Karani aliinua kalamu akamtazama Liwali. Liwali aliegemea nyuma, akaweka kiganja begani kwa mtoto, akafumba macho kwa raha.

"Usiandike," alisema. "Huyu shauri lake limekwisha. Tuendelee na mbuzi."