Maneno Ishirini ya Kutunga

Siku ile mjinga alikuwa Sikio mwenyewe, na hata leo hakatai. Nani alimtuma ampe shemeji yake daftari la utafiti "alipitie kidogo"? Miaka mitatu alikuwa akisikiliza sauti za Waarabu na Waayalandi zilizorekodiwa, mpaka wenzake wakambandika jina hilo. Kiarabu hugeuza tumbo la neno: kitab kimoja, kutub vingi. Kiayalandi hugeuza kichwa: neno linaloanza kwa b, mwenyewe akisema ni langu, b inalainika, inakuwa v. Sikio alitaka kujua mageuzi hayo yanakaa wapi, kwenye ulimi au kwenye akili.

Wiki sita baadaye akaliona tangazo kwenye ubao wa chuo: mhadhara wa shemeji, anayewania uprofesa. Mada ile ile, mifano ile ile. Jina la Sikio halikuwemo hata la dawa.

Damu ikamchemka. Alikuwa ameshageuka akamvae, ndipo macho yakaangukia mifano ya mwisho, maneno ishirini. Akacheka peke yake mpaka mfagiaji akamkodolea macho.

Maneno yale ishirini aliyatunga yeye. Ndivyo kazi ya watafiti wa lugha ilivyo: mpe mtu neno ambalo hajawahi kulisikia, uone kama ataligeuza vilevile. Shemeji, mtu wa kurukaruka kurasa, hakusoma maelezo.

Sikio akafunga mdomo. Siku tisa alikula vizuri, akalala fofofo.

Siku ya mhadhara alikaa mstari wa mbele na dada yake.

"Mwalimu," akauliza kwa adabu iliyozidi kipimo, "hilo *kishaz*, wingi *kushuz*, ni kitu gani?"

"Shoka la kale," shemeji akajibu bila kupepesa.

"Ulilisikia kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja, Mwarabu halisi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee ni mimi. Nililitunga nikioga, pamoja na wenzake kumi na tisa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu wa idara akavua miwani, akafunga faili la uprofesa taratibu, akaondoka.

Shemeji akawafuata mlangoni, jasho likimtiririka. "Umenivua nguo mbele za watu! Mimi, mume wa dada yako! Si ungeniita pembeni tukayamaliza kifamilia?"

Sikio akafungua kinywa, lakini dada yake akamtangulia.

"Na jina lake, mume wangu, ulilifuta kifamilia?"