Vema Tatu za Saa Nane

"Mguu wa kushoto sasa, bibi," mkaguzi wa wahudumu wa majumbani alisema, akainua kisigino cha bibi kizee kwa viganja viwili na kukitazama kama mtu asomaye maandishi madogo.

"Umekuja kunikagua au kuninunua?" bibi aliuliza. Macho yake yalikuwa yameshazimika siku nyingi; ulimi bado.

Mhudumu wake, ambaye kila nyumba aliyopita walimwita Mama Pole, hakucheka. Alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Alijua ngozi ile ni safi, haina kidonda cha kulalia. Kwa miezi saba alikuwa akimgeuza bibi kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, shuka limenyooshwa lisiache kunyanzi hata moja. Hata siku za mapumziko, saa nane mchana ikifika, alishtuka huko kwake na mikono ikatafuta mtu wa kugeuza.

Sebuleni mkaguzi alifungua jalada.

"Mwezi huu nimekagua nyumba kumi na nne. Sijaona kama hii. Nimepitia pia fomu za kumgeuza yule mzee uliyemhudumia kabla, hakuna pengo hata moja. Nataka nizitumie kuwafundishia wenzako."

Akaiweka mezani fomu ya mzee. Mama Pole alizitambua alama zake za vema kama mtu anavyotambua nyayo zake kwenye tope.

"Hiyo usiitumie, dada."

"Kwa nini?"

"Hizi vema tatu ni za uongo." Kidole chake kilitua kwenye saa nane: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. "Wiki ile nilikuwa na mgonjwa mwingine wa usiku. Mchana usingizi ukanibeba hapo kitini. Nikiamka saa kumi, naweka vema kana kwamba nimemgeuza. Ijumaa mgongo ulikuwa umechubuka. Kidonda kikala mpaka ndani. Hakumaliza miezi miwili."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Mzee yule alikuwa na kisukari. Huenda kidonda kingekuja tu. Na hakuna aliyeuliza."

"Alikuwa macho." Kidole chake hakikuondoka kwenye fomu. "Kiharusi kilimnyang'anya ulimi, macho kikamwachia. Aliniona nikiandika, siku zote tatu. Mpaka leo nikishika kalamu, ananitazama."

Chumbani kikohozi cha bibi kilikatika ghafla, kama cha mtu anayetega sikio.

"Nikiliandika hili," mkaguzi alisema polepole, "utasimamishwa kazi. Na familia itaarifiwa."

"Andika. Ila familia niachie mimi kwanza."

Mkaguzi akavuta karatasi nyeupe.

Mama Pole alitoka kwenda uani na simu yake. Binti wa mzee ndiye aliyemkumbatia siku ya maziko mbele ya watu wote, akasema, "Huyu amemtunza baba kuliko sisi watoto wake." Tangu siku ile Mama Pole hakuwahi kumpigia, wala hakuthubutu kuifuta namba yake. Simu iliita mara nne.

"Dada, umetutupa kabisa," sauti ya binti ilikuja, ya furaha. "Hujambo?"

"Sijambo. Nina neno kuhusu baba."

Maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni, na vyombo vikigongana.

"Ngoja," binti alisema, "nifunge maji nikusikie vizuri."

Bomba lilikoroma kidogo, likanyamaza.